Gololi Iliyomfuta Fokas

Mlio wenyewe ni wa noti tatu, kila moja chini ya mwenzake, kisha kimya. Niliusikia Jumamosi moja kwenye meza yangu ya kutengenezea simu, hapa Mbinga mjini, nikiwa nimeshika chuma cha kulehemu kilichokuwa bado cha moto. Binti yangu Rustika alikuwa ameketi nyuma yangu akicheza na simu yake. Nilikirudisha chuma mahali pake, nikamuuliza anacheza nini.

"Mchezo wa zamani, mama. Wameutoa upya. Gololi ya chuma inakimbia mezani, na wewe unaizuia isidondoke kwa vijiti viwili."

Nilikuwa naijua gololi hiyo.

Kesho yake baada ya Misa nilikaa na kamusi ya Kiingereza nikasoma maoni ya wachezaji wenyewe kwenye ukurasa wa mchezo huo, moja baada ya jingine, nikiyagawa kwenye daftari kama ninavyogawa skrubu. Wako waliolalamika kwamba vijiti vinachelewa kuitika, na kwamba gololi imekuwa nzito kama iliyotiwa matope. Wako walioshukuru. Mmoja alieleza kwamba gololi ilipogonga kengele ya kwanza alimwita mkewe kutoka jikoni, kisha akashindwa kumwambia kwa nini analia. Mwingine alidai taa ya kijani irudishwe ilivyokuwa, akaieleza rangi yake kwa mistari saba. Nilimtumia pia mchezo huo Beata, binti wa shangazi yangu, ambaye siku hizi anakausha na kuuza dagaa wa usipa kule Mbamba Bay. Alijibu kwa sauti, upepo wa ziwa ukivuma nyuma yake: "Mdogo wangu, wameiharibu. Ile ya parokiani nilikuwa naipiga mpaka namba zinakosa pa kukaa."

Wote walikuwa na furaha, hata waliolalamika. Sikuona hata mmoja aliyeandika kwamba aliwahi kuogopa. Nafasi waliyoacha kwa ajili ya maoni ni ndogo, kwa hiyo ninayaandika yangu hapa, niwasimulie ninyi.

Nilikuwa darasa la tano, huko Maguu. Shangazi Editha, dada yake baba na mama yake Beata, alikuwa karani wa parokia. Mchwa walikuwa wameanza kula vitabu vya zamani vya ubatizo, na wafadhili walikuwa wameleta kompyuta iliyokwisha kutumika ili majina yote yaingizwe humo. Chumba chake kilinuka nta ya mishumaa na karatasi kuukuu. Shangazi aliifunika kompyuta kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na ukiingia unavua viatu, kama unavyo. Ilifanya kazi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, jenereta ilipowashwa.

Mwaka huo mama alimzaa Fokas. Alikuwa na miezi mitatu alipoanza kupumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa. Jumatano asubuhi katekista aliitwa nyumbani, akambatiza upesi kwa maji ya kikombe, mama akiwa ameshajifunga khanga ya safari. Kisha pikapu iliyokuwa ikibeba magunia ya kahawa iliwachukua hadi Litembo, hospitalini. Kwetu mtoto akibatizwa kwa namna hiyo, jina lake hupelekwa parokiani siku hiyo hiyo likaandikwe. Katekista aliliandika kwenye kipande cha karatasi, baba akanikabidhi mimi. Nilikikunja mara nne, nikakishika mkononi njia nzima.

Nilikuwa na sababu ya kukishika. Kwenye mafundisho tulikuwa tumeambiwa kwamba jina la kila mmoja wetu limo kitabuni. Na nilikuwa nimeona mazishi ya aina mbili. Kwenye yale ya kwanza kengele ililia hadi jeneza likaingia ardhini. Ya pili yalikuwa ya mtoto mchanga wa jirani ambaye hakuwahi kubatizwa. Alizikwa nyuma ya migomba, bila kengele, na wanaume walirudi shambani kabla sijaelewa kwamba yamekwisha.

Shangazi alisoma karatasi yangu, akafungua droo, akashughulika kidogo na kalamu, kisha akageukia kompyuta. Sikuangalia alichofanya kwa kalamu. Niliangalia kioo. Niliiona F ikitokea, nikaona na nyingine zikifuata, hadi ndugu yangu akawa mstari mzima, wa mwisho kwenye ukurasa. Hapo akaitwa nje kupokea mahindi ya zaka. Alituambia mimi na Beata, aliyekuwa ameketi pembeni, tusiguse kitu.

Beata alisubiri hadi hatua za mama yake zilipopotea. Alijua mahali mchezo ulipojificha. Alibonyeza, majina yakaondoka machoni petu, ikaja meza yenye taa nyekundu na kijani na gololi inayong'aa. Niliona uzuri ambao sikuwa na jina lake. Alicheza yeye kwanza, akichezesha mabega kama mtu anayeendesha lori, kisha akaniachia kiti. Mimi nilibonyeza vitufe kwa nguvu zangu zote.

"Polepole, Mpepai wewe," alisema. Mama yangu anatoka Mpepai, na Beata hakuniruhusu kusahau. "Hiyo mikono ni ya kuvunia mahindi."

Gololi ilipita katikati ya vijiti. Zikasikika zile noti tatu. Wakati huo huo jenereta ilikohoa kule nyuma ya kanisa, ikazimika, na kioo kikawa cheusi.

Niliuona uso wangu humo ndani. Beata alirudi nyuma hatua mbili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Umeyafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Mama alisema ukichezea humo majina yanafutika. Na mtu akifutika humo, kanisani hayupo tena."

Baada ya nusu saa hivi mlinzi aliongeza dizeli, mwanga ukarudi. Shangazi aliwasha, akafungua ukurasa wake, akausogeza hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mtu mwingine, marehemu mzee mmoja aliyebatizwa zamani sana. Fokas hakuwepo. Shangazi alisonya, akasema, "Haya, yamekwenda," akatazama saa ya ukutani na kuanza kukunjua kitambaa chake.

Nilitoka, nikavaa viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, nikakimbia hivyo hadi nyumbani.

Alhamisi na Ijumaa niliishi na hesabu moja tu kichwani. Fokas alikuwa amebatizwa, kisha mimi nimemfuta. Akifa sasa, katekista atafungua kitabu, ambacho kwangu sasa kilikuwa kompyuta ile, na kumkosa, naye atapelekwa nyuma ya migomba. Kila mtu aliyepanda kilima kuja kwetu nilimwona amebeba habari. Jirani alipokuja kuomba moto nilijificha ghalani. Baba alidhani ninamlilia mama, akanipapasa kichwa, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu hakuwa mtu wa kupapasa.

Jumamosi baba alikuwa akipeleka unga na maharage Litembo. Nilimwomba niende naye. Kabla ya kuondoka nilipitia kanisani, nikajaza chupa ndogo ya dawa ya kikohozi kwa maji ya baraka, nikaitia kifuani. Kwenye mafundisho tulikuwa tumejifunza kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi maji yaguse kichwa na maneno yawe kamili. Tulitembea toka alfajiri, tukishuka na kupanda kati ya miteremko ya mashimo ya ngoro, yanayozuia udongo wa mashamba kusombwa na mvua, baba mbele na mzigo, mimi nyuma nikirudia maneno bila sauti. Niliogopa nikikosea moja yote yataharibika.

Tulifika mchana. Fokas alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama?"

Baba alikwenda kumtafuta daktari. Mama aliniambia nimwangalie mtoto, akatoka na ndoo ya nepi. Nilihesabu hatua zake hadi kwenye bomba. Kisha nikafungua chupa, nikammiminia Fokas maji utosini, nikasema maneno yote. Maji yalikuwa ya baridi. Alikunja ngumi, akafungua kinywa, na kwa muda mrefu hakikutoka chochote. Nilijua nimemuua. Halafu alilia, kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke.

Mama alirudi mbio akiwa na povu mikononi. Aliuona mto umelowa, akaiona chupa.

"Umemfanya nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya gololi, na kioo cheusi, na kwamba jina lilifutika na sasa nimelirudisha. Nilisubiri kofi. Mama alimkausha Fokas kichwa kwa ncha ya khanga, polepole, akamweka begani, akaendelea kukausha hata palipokwisha kukauka. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Ulisema maneno yote?" aliniuliza.

"Yote, mama."

"Maji yaligusa kichwa chenyewe, si nywele tu?"

"Yaligusa."

"Basi. Usimwambie baba yako."

Fokas alipona. Sasa ana mke na watoto wawili, naye hajui kwamba alibatizwa mara mbili. Kuhusu kompyuta, nilikuja kuielewa nilipoanza kujifunza mwenyewe kuzifungua. Mchezo haukufuta kitu. Shangazi alikuwa hajahifadhi mstari wa mwisho, na umeme ulipokatika ukapotea, basi. Ile kalamu niliyopuuza ilikuwa imeshamwandika Fokas kwa wino kwenye kitabu kikubwa ndani ya droo, kabla ya kompyuta kuambiwa lolote.

Jambo la mama lilinichukua miaka mingi zaidi kulielewa. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama wenzake kwamba ubatizo ni mmoja na haurudiwi, na hakuwa mtu wa kuamini kwamba mashine inaweza kuufuta. Siku ile nilidhani ananihoji ili ajue adhabu inayonifaa. Nilikuja kuelewa nilipolala na Rustika wodini, akiwa na miezi minane, nikimuuliza kila aliyepita swali lile lile nililokwisha kujibiwa. Mama alikuwa amekaa siku tatu peke yake karibu na pumzi zile, akihitaji mtu amwambie kwamba hakuna kilichosahaulika. Mtu aliyekuwepo ni mimi tu, mtoto wa darasa la tano, na alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu mzima.