Kichwa cha Mashine Kilipofunguliwa

Yule fundi waliyemwita Kimya aliishi na kile kichwa cha mashine miaka thelathini na moja, bila kujua ndani yake mna nini. Ni donge la chuma, unene wa boga, linaloshika kisu cha kupanulia matundu ya injini. Kila likizunguka, kisu kinasogea nje kiasi cha unywele. Kinasogeaje? Marehemu mwenye karakana hakupenda kuulizwa. "Kazi yako kukizungusha, si kukichungulia."

Jumatatu kisu kiligoma. Mjane wa marehemu akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Shemeji, mnunuzi wa chuma chakavu anakuja Alhamisi. Kikizunguka sawasawa, karakana inabaki. La sivyo, kila mtu ashike njia yake."

Basi Kimya akatandika shuka kuukuu mezani, akakifungua kile kichwa. Kila skrubu aliilaza ilivyotoka, ya kwanza kushoto. Mchomeaji wa meza ya pili akawa anapitapita makusudi.

"Mzee, huyo mgonjwa ataamka kweli?"

"Nenda zako na moshi wako."

"Haya. Akikata roho, mimi sikuwepo."

Jumatano asubuhi akaona. Gia ndogo inaisukuma kubwa, kubwa inageuza msumari wenye nyuzi kama skrubu, nao msumari unasukuma kisu. Meno ishirini na nne kwa tisini na sita! Mizunguko minne ya ndogo, mmoja wa kubwa. Kumbe ni hivyo tu. Akacheka peke yake, mpaka Mchomeaji akazima moto aje kutazama.

Kisha Kimya akaigeuza ile ndogo. Meno manne ya jirani yalikuwa yameliwa hadi shinani.

"Nikuongezee chuma hapo, wewe upige tupa," alisema Mchomeaji, safari hii bila utani.

"Joto litaipinda. Ikipinda, itang'oa na ya mwenzake."

Mashine ya kuchonga gia iliuzwa mwaka juzi. Kimya mwenyewe aliisukuma kuipandisha kwenye lori. Akachukua kipande cha chuma, akakichonga kwa tupa mpaka vidole vikakataa kukunjika. Alhamisi asubuhi akaifunga gia yake mpya. Kichwa kikazunguka mara moja, mara mbili, ya tatu kikakwama kabisa.

Mjane akaingia. "Kinafanya kazi?"

"Nimekielewa, shemeji. Sogea uone, hii inaishika hii, halafu…"

"Sikuuliza hivyo." Hata hivyo alisogea, akainama, akafuata kidole cha Kimya mpaka mwisho. "Kwa hiyo hakitafanya kazi."

"Hakitafanya."

Mjane akatoka nje kumpigia simu mnunuzi, aliyekuwa tayari barabarani. Alipofika hakutazama mezani. Alisema vipande vitiwe tu kwenye ndoo, vyote vinapimwa kwa kilo.

Kimya akavitia kimoja kimoja, kuanzia kushoto. Mnunuzi alimsubiri kidogo, akatazama saa, kisha akashika pembe za shuka akamimina vyote vilivyobaki kwa mpigo.