Fomu Tupu za Mama Chupa

Dada yangu hupima maji ya mto unaotoka nchi jirani na kuingia kwetu. Mtaani wanamwita Mama Chupa. Kila Jumatatu hukutana katikati ya daraja na mpimaji wa ng'ambo, mzee mcheshi tunayemwita Shemeji kwa sababu huapa atamwoa dada akistaafu. Hushusha ndoo moja, hugawana maji, hujaza fomu moja yenye saini mbili. Ndivyo nchi hizi mbili zilivyokubaliana: bila saini mbili, lango linalopeleka maji ya mto kwenye mabomba ya mji wetu halifungwi wala halifunguliwi.

Mimi nimeishi kwa kupatana bei sokoni tangu utotoni, na sijawahi kutia saini karatasi tupu. Wao walitia. Daraja lilipokuwa likikarabatiwa, walibadilishana fomu tupu zilizosainiwa, kazi isilale.

"Tunaaminiana," dada aliniambia.

"Hata mimi nawaamini wateja, wakishalipa."

Jumatatu hii Shemeji hakutokea. Ndoo ilipanda na maji ya rangi ya kutu, yananuka kama kiberiti. Samaki walielea matumbo juu. Dada akaniita, nilimkuta akiziba chupa ya maji hayo. Maji yale yangefika langoni baada ya saa mbili, na bintiye alikuwa akimwogesha mtoto wa siku tisa kwa maji ya bomba.

Akampigia msimamizi wa lango.

"Mama Chupa, unanitania? Fomu ya leo imeingia kwa mashine kutoka ng'ambo tangu asubuhi. Maji safi. Saini yako naiona hapa."

Dada akakata simu. "Wamejaza fomu yangu tupu."

"Za Shemeji unazo?" nikamuuliza.

"Nne."

"Jaza moja. Dawa ya moto ni moto."

"Bila kumwambia? Basi mimi na hao waliojaza yangu tuna tofauti gani?"

Nilikuwa na jibu, ila saa haikuwa inatungoja. Akampigia, simu kwenye spika. Shemeji alipokea kwa kunong'ona.

"Mchumba, si mimi. Wamevunja droo yangu. Watu wa kiwanda kilichomwaga uchafu wako mlangoni na bosi wangu."

"Nina karatasi yako tupu."

Tukasikia kiti kikiburutwa.

"Andika ulichokiona. Usiongeze hata nukta."

"Watakufukuza."

"Wakiishia hapo, nitacheza ngoma."

Simu ikakatika. Haijapatikana tena.

Nilimkimbiza dada kwa pikipiki. Msimamizi aliisoma fomu mara mbili, akafunga lango. Kanuni ni kwamba fomu ya baadaye hufuta ya mwanzo. Nikashusha pumzi, kisha nikaona dada hajashusha.

"Ng'ambo zimebaki fomu zako ngapi?"

"Sikuhesabu."

Akamgeukia msimamizi. "Ikija nyingine yenye saini yangu, usifungue!"

"Mama, mimi nafuata karatasi. Kufuta saini yako kunataka barua ya nyinyi wawili."

Wa pili ndiye huyo asiyepatikana.

Dada akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine inayopokea fomu, mkono wake juu ya waya wa umeme. Nikatoka nje kumpigia bintiye, nikamwambia amwage kila ndoo. Niliporudi ndani, taa ya kijani ya mashine ilikuwa imeanza kuwaka na kuzimika: fomu nyingine inaingia.

Dada akauchomoa waya.