Wiki Ambayo Mama Aliacha Kushika Kalamu

Uji wa mtama na dawa ya kutakasa mikono: hizo ndizo harufu za asubuhi zetu mwaka ule wa pili wa korona, pale Rooty Hill, ughaibuni. Uji ulikuwa wetu sisi watoto. Dawa ilikuwa imeganda kwenye vidole vya mama, aliyekuwa akihudumia wazee wasiojiweza na kurudi nyumbani kunapambazuka, alama ya barakoa ingali puani. Badala ya kulala alikuwa akioga, akijifunga kitenge, na kutukusanya mezani watoto wake watano. Tuliimba wimbo mmoja, tukasali, shule ikaanza. Baba alikuwa ghalani akipanga mizigo. Shule za kweli zilikuwa zimefungwa, na mitaa yetu ya magharibi mwa jiji ilikuwa imebanwa kuliko ile ya watu wa ufukweni, hata helikopta ya polisi ikipita juu ya paa mdogo wangu Danieli alikuwa akijificha chini ya meza, ingawa hakuwa ametoka nje.

Mimi, Neema, ndiye niliyekuwa mkubwa, miaka kumi na minne. Shule ilituazima tableti mbili, kwa hiyo mama alipanga zamu: wawili wakisikiliza walimu wao, watatu walikuwa wake. Hesabu alifundisha kwa maharagwe, na jioni maharagwe yale yale yaliingia sufuriani. Kusoma alifundisha kwa Biblia ya Kiswahili. Wadogo zangu walimjibu kwa Kiingereza, naye alijifanya kiziwi mpaka waseme upya kwa lugha yake. Alikuwa amening'iniza ubao mweupe ukutani, na kila asubuhi aliandika tarehe, jina la siku na mstari wa kukariri, kwa herufi kubwa zilizoinama upande mmoja. Mama aliishia darasa la nne, chini ya turubai, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Kwangu mimi hakukuwa na mwandiko mzuri kuliko ule.

Jumatatu ya wiki ninayoikumbuka, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, huku simu yake ikicheza ujumbe wa sauti katika kundi la akina mama wa kanisa letu. Aliyezungumza alikuwa Mama Debora, mwanamke wa Bukavu mwenye diploma ya ualimu, ambaye ndiye aliyeongoza kipindi cha watoto katika ibada yetu ya mtandaoni. Bila shaka alidhani anamtumia mtu mmoja. Alisema, "Mama Neema ni mtu wa sala, hilo simkatalii. Lakini huyo aliishia darasa la nne kambini, hata kuandika kunamshinda. Atawafundisha nini wale watoto? Atawatoa wajinga kama yeye." Kisha akacheka. Baada ya dakika chache ujumbe ulifutwa, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuusikia. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Mama aliigeuza simu kifudifudi, akaendelea kutwanga, taratibu zaidi kuliko mwanzo.

Jumanne asubuhi alinipa kalamu ya ubaoni. Alisema mkono unamuuma, niandike mimi. Jumatano mkono ulikuwa bado unauma, na Alhamisi pia. Lakini niliuona mkono ule ukibeba ndoo, ukisonga ugali, ukisuka nywele za wadogo zangu mapacha bila kupumzika. Tulipokuwa tukisoma, alitusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha pembeni kama mgeni. Mdogo mmoja alipomuuliza neno fulani linaandikwaje, alimwambia aniulize mimi. Siku ile ndani yangu kulizaliwa kitu ambacho sikuwahi kukijua. Nilikariri na wenzangu mstari unaosema kisasi tumwachie Mungu, na huku nakariri nilikuwa nikifikiri kwamba Mungu ana watu wengi wa kushughulikia, mimi nina mmoja tu.

Njia ya kulipiza ililetwa na Debora mwenyewe, binti wa kwanza wa mama yule. Alikuwa rafiki yangu kuliko wote, na tangu tufungiwe ndani tulipigiana simu kila siku. Ijumaa alinieleza, kwa mnong'ono, kwamba mdogo wake Estela, mwenye miaka tisa, hajui kusoma kabisa. Kazi zake za shule zinaandikwa na mama yao kwa penseli, kisha Estela anapita juu yake kwa wino ili zionekane za mtoto. Debora alikuwa na wasiwasi juu ya mdogo wake, ndiyo maana alinieleza. Aliniomba nisimwambie mtu. Nilimwahidi, na kabla hatujakata simu nilikuwa najua nitafanya nini.

Jumapili, baada ya mahubiri, kila familia ilionyesha kazi za watoto. Estela aliinua karatasi yenye insha ya Kiingereza juu ya Malkia Esta, mistari iliyonyooka, koma kila mahali pake. Watu walisifu. Mama Debora akauliza kama kuna mwenye neno, nami nikafungua maiki.

"Shikamoo, Mama Debora," nilisema. "Insha ni nzuri sana. Naomba Estela atusomee mistari miwili tu."

Alijibu kwamba muda umekwisha. Lakini mchungaji, asiyejua lolote, alisema muda upo, mtoto asome. Estela aliishusha karatasi, akaitazama. Alitamka neno la kwanza. Akalirudia. Akamtazama mama yake, na kuanza kulia mbele ya nyumba zote za kanisa letu. Nyuma yao Debora alisimama, akatoka chumbani bila kugeuka. Sitadanganya: kwa muda ule mfupi nilihisi utamu ambao sijauhisi tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mama alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Aliivuta tableti kwake na kusema, kwa sauti aliyotumia kwa wazee wake kazini, "Estela, mwanangu, mimi nilianza kusoma nikiwa mkubwa kuliko wewe. Kesho nipigie tusome wote." Kisha akaifunga. Nilingoja kofi. Aliniambia tu, "Alichonifanyia mimi, wewe umemfanyia mtoto."

Jumatatu Estela alipiga. Mama aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika herufi moja kubwa, iliyoinama, akausogeza ubao karibu na kioo ili mtoto aione. Nilipaswa kufurahi kwamba amerudi kuandika. Nilikasirika. Nilikuwa nimempigania wiki nzima, na kilichomrudisha ubaoni ni kulia kwa binti wa adui yake. Kila asubuhi mpaka shule zilipofunguliwa, Estela alikuwa mwanafunzi wake wa sita. Tulimsikia Mama Debora akikohoa pembeni, lakini hakujitokeza kwenye kioo, hakuomba radhi, hakushukuru.

Sasa nasomea ualimu katika chuo kikuu kule Kensington, upande wa pili wa jiji. Kanisa limerudi ukumbini, tunakumbatiana tena, na watu husimulia miezi ile kana kwamba ilimpata mtu mwingine. Estela husoma somo la Jumapili bila kukwama. Debora hakunipigia tena. Tukikutana mlangoni hunisalimu kwa Kiingereza, kama anavyosalimu wahudumu wa dukani. Lile la Estela hunichoma, na nimemwomba msamaha. La mama yake halijawahi kunichoma.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, Mama Debora alinivuta kando. Alikuwa ameandika barua ya Kiingereza kwa mwenye nyumba wake, na aliomba mimi, mwalimu, niipitie kabla hajaituma. Mikono yake ilikuwa imezeeka. Nilimwonyesha makosa mawili, kwa upole, kwa sauti ya chini, kama mama angefanya. Akashukuru. Nikamwambia kuna la tatu, lakini msomi kama yeye ataliona mwenyewe. La tatu halikuwepo. Nilipofika kwenye gari nilitazama nyuma, alikuwa bado amesimama ukutani, miwani puani, anasoma barua yake tangu mwanzo.