Jiko la Mama na Punje za Kahawa

Mama alinipa kahawa ya kutafuna. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kutoka Kibeta nilikoolewa, hata kilemba sijavua, akaniletea kikapu chake kidogo cha emwani, zile punje kavu zinazonukia, amekishika kwa mikono miwili na ameinama kidogo. Kwetu Muleba hivyo ndivyo anavyopokewa mgeni. Mtoto wa nyumbani hapewi kahawa; huambiwa maji yameisha, akateke. Nikachukua punje mbili, nikashukuru, roho ikaanza kuniuma.

Nyuma ya mama alisimama wifi yangu, funguo za nyumba zikining'inia kiunoni. Kaka yangu anafanya kazi Mwanza, kwa hiyo mkewe ndiye anayekaa na mama na kutunza kibanja, shamba letu la migomba. Namwonea wivu, wala sifichi. Anajua mama ameamkaje na dawa ipi inakaribia kuisha. Mimi niliyezaliwa humo naulizia habari hizo kwa simu, na anayepokea simu ni yeye.

Kilichonileta ni jiko la nje. Lilikuwa limeelemea upande wa migomba, nguzo zimeliwa na mchwa, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Kaka alitaka kutafuta vijana walisukume lianguke. Nikamwambia asithubutu, nitalibomoa mwenyewe. Humo ndimo nilimofundishwa kumenya ndizi. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka mama akae barazani aone kuwa bado nina kazi katika nyumba ile.

Na kazi niliijua. Mume wangu ni fundi ujenzi, nimemsikia akifoka kwenye saiti za watu mpaka mengine yameniingia. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, kisha nikaufungua waya uliopelekwa jikoni. Mbuzi tukawafunga mbali. Nikavaa buti za mume wangu na kujifunga kitambaa puani, maana masizi ya miaka yote yalikuwa juu yetu. Mabati niliyatoa nikiwa kwenye ngazi, nikianzia kofia ya paa kule kileleni, bila kukanyaga boriti hata moja. Kila msumari niliutia kwenye kopo kwa sababu mama hutembea peku. Wifi alipokea mabati chini na kuyapanga vizuri. Nilitamani akosee, hakukosea.

"Mwanangu, usijichoshe," mama alimwambia wifi kutoka barazani. "Kaa upumzike."

Mimi niliyekuwa juu ya ngazi, jasho linanitiririka mgongoni, sikuambiwa kitu. Nikang'oa msumari uliofuata kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

Baada ya paa tukaziloweka kuta kwa maji ili vumbi lisitumalize. Tukawa tunafunga kamba juu ya ukuta, tunasogea mbali, tunavuta, udongo na miti vinaanguka kwa ndani. Ukabaki ukuta mmoja, ule wa upande wa mafiga. Nilikuwa nimeshakata nguzo yake ya pembeni, na kamba ilikuwa mikononi mwetu.

"Wifi," mke wa kaka akaniambia, "hayo mafiga nitayahamishia nyuma ya nyumba. Siku gesi ikiisha nitayatumia."

Mafiga ya mama! Mawe matatu niliyokulia mbele yake, leo yawe akiba ya gesi ya mtu. Niliachia kamba, nikaingia chini ya ukuta ule uliokwisha kukatwa nguzo, nikainama na kulikumbatia figa la kwanza. Yote niliyoyajua kuhusu ubomoaji yalinitoka kichwani. Nilikuwa nawaza tu kwamba hatayapata.

Ndipo mama alipopiga kelele. Alinitukana kwa Kihaya, tusi ambalo sitaliandika hapa, lile la utotoni nilipoacha mbuzi wakala maharage. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, majirani wote wasikie: "Toka hapo, mpumbavu wewe! Unataka nikuzike?"

Niliruka nje na figa langu kifuani. Ukuta ulikaa kidogo, ukalegea, ukaanguka pale pale nilipokuwa nimeinama. Vumbi lilipotulia nilijikuta nimekaa chini, nacheka. Mama alikuwa amesimama barazani, bado ananitukana. Sijui kama nimewahi kusikia kitu kitamu namna ile.

Wifi hakucheka. Alikuwa anakunja kamba polepole, macho chini.

"Mimi mama hajawahi kunitukana," alisema. "Tangu niolewe hapa. Hata nilipounguza chakula cha msiba, aliniambia pole."

Nilimtazama usoni, na uso ule niliufahamu, kwa sababu ndio niliokuwa nao asubuhi. Kumbe alikuwa ananionea wivu, na kwa muda mrefu tu. Tukafukua mafiga mawili yaliyobaki, tukayaweka yote matatu nyuma ya nyumba alikotaka yeye.

Jioni mama alitoka ndani na kikapu chake. Nilinyoosha mkono kwa mazoea. Akanipita.

"Wewe maji yameisha, kateke," aliniambia, halafu akamwinamia wifi kwa mikono miwili. "Wakola muno, asante sana, mwanangu. Umefanya kazi kubwa leo."

Nilichukua ndoo. Nilikuwa nimepata kile nilichokijia. Lakini nilipofika kwenye kona ya migomba niligeuka, nikamwona wifi anatafuna taratibu, mama ameketi karibu yake, na nikatamani punje moja tu kutoka kikapu kile.