Siku ya Hamsini na Moja

Fusae ni wifi yangu, mjane wa mdogo wangu Tokuji, na kwa miaka arobaini nilimwona mzembe. Wali wake una maji, kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Tangu Tokuji afe kwa ugonjwa wa moyo, mwezi wa kwanza, hakucheka tena wala hakulia. Anapika, anafagia, anapalilia. Ukimwuliza amelalaje, anajibu, "Ndiyo." Mimi sikuuliza mara ya pili.

Tokuji alilima miwa, na siku za roketi alikuwa mlinzi wa kizuizi. Hapa Tanegashima, kisiwa cha Japani zinakorushiwa roketi, moja ikiruka barabara za kusini hufungwa, naye alisimama pale na bendera nyekundu, macho barabarani, kisogo kwa roketi. Akigeuka tu, gari linapita. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita.

"Tokuji, hivi roketi ina rangi gani?" tulimchokoza.

"Ina makelele," alijibu.

Mwaka jana alistaafu, akaapa kwamba hii inayopeleka mizigo kwenye kituo cha anga, chakula na maji na nguo za wanaoishi huko juu, ataitazama uso kwa uso. Akafa wiki sita kabla.

Kwetu mifupa ya marehemu iliyochomwa hukaa nyumbani, ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa cheupe, mpaka siku ya arobaini na tisa tangu kifo. Ndipo inaingia kaburini. Roketi ilipangiwa siku ya arobaini na nne.

"Wifi, nitampeleka aione," Fusae aliniambia. "Halafu mtamzika."

Siku ile upepo ulikuwa mkali, wakaahirisha. Fusae alikuwa amekwisha kukaa kilimani na chungu mapajani, na mimi nikamnong'oneza kwamba watu wanatutazama. Siku ya arobaini na sita wakatangaza vali ya roketi inavuja. Sasa itaruka siku ya hamsini na moja.

Jioni alikuja kwangu, akabaki mlangoni.

"Wifi, tungoje siku mbili tu."

"Tungoje nini? Arobaini na tisa kuwahisha ruksa, kuchelewesha mwiko. Unataka roho ya ndugu yangu itangetange?"

"Amengoja miaka ishirini na sita."

"Hebu niondolee! Maiti haingojei bati linalowaka moto."

Alitazama ukuta. "Sawa," akasema, akaenda zake. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, neno langu halirudi. Hata mtawa wa hekaluni alijaribu kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba Buddha hagombani na mtu kwa siku mbili. Nikamwambia asome sala zake.

Tulizika siku ya arobaini na tisa yenyewe. Fusae alikabidhi chungu kama anayempa mtu sahani jikoni, akafuta mikono kwenye nguo, akauliza kama wageni wamepata chai.

Siku ya hamsini na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa shambani kwangu nikipanda viazi vitamu. Nilikuwa nimeapa sitatazama. Nikatazama. Sikujua kwamba moto unaweza kuwa mweupe vile. Ulipanda kimya kwanza, kisha sauti ikafika na kunigonga kifuani, na nikajisikia nikipiga kelele peke yangu katikati ya matuta: "Tokuji, geuka! Geuka!"

Nilikwenda kwa Fusae na udongo miguuni. Alikuwa anaosha mchele, madirisha yote yamefungwa.

"Imeruka," nikasema.

"Nimesikia."

"Redio inasema mizigo itafika baada ya siku nne."

"Vizuri." Akamwaga maji, akatia mengine. "Ilikuwaje, wifi?"

Nina miaka sabini na nne na sijawahi kumwomba mtu msamaha. Nilitaka kuomba pale pale.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba, macho makavu.

"Basi kamwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikaa makaburini mpaka saa saba, na sikupata pa kuanzia.