Sikumsamehe Mwalimu wa Kemia

Shule yetu ya serikali mjini Tororo ilijengwa enzi za wakoloni, na maabara yake ilisifiwa mpaka Busia. Siku baba, mkulima wa Kwapa, aliponipeleka pale, alivaa koti alilofungia ndoa.

Nilipoingia kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alinisimamisha, mimi msichana, mbele ya darasa, akaishika mikono yangu na kuigeuzageuza kama anayechagua mihogo sokoni.

"Hii mikono ya jembe," alisema. "Chupa zangu utazivunja. Toka."

Wavulana walicheka. Nilitoka, wala hakuniruhusu kurudi. Nikahamia kwa shangazi yangu, muuza mitumba wa Busia upande wa Kenya, nikaanza masomo upya huko. Kemia niliisoma kwa hasira. Wenzangu walisali kabla ya mtihani. Mimi nilimkumbuka yeye.

Nilipohitimu ualimu, niliomba kazi shule ile ile ya Tororo. Yeye sasa alikuwa naibu mkuu. "Karibu sana, madam," alinipokea kwa tabasamu. Hakunitambua. Nikanyamaza, nikafundisha. Wasichana wakajaa maabara.

Kisha ikaja sherehe ya kuadhimisha historia ya shule, na kipaza sauti akapewa yeye.

"Maabara yetu haijambagua mtoto yeyote," alijigamba mbele ya wazazi. "Wasichana niliwashika mkono mimi mwenyewe."

Nikasimama. "Wangu uliushika kweli, mwalimu. Waambie ulisema nini."

"Sikuelewi, madam."

Basi nikawaambia mimi, neno kwa neno, na kicheko cha wavulana nikakitaja. Mama mmoja nyuma alisema, "Woi!"

"Sikumbuki," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi sijasahau."

Akarudi kitini bila kumaliza hotuba.

Jioni mkuu wa shule aliniita. "Umetuharibia sherehe."

"Nilikusudia," nikamjibu.

Kasisi wa shule naye alikuja kuniambia kwamba mwalimu yule mzee hali chakula, nimsamehe. Nilimwahidi nitalifikiria. Sijalifikiria. Mzee alistaafu muhula ule ule, akakataa hata chai ya kuagwa. Alipokuwa akihamisha vitu vyake, niliwaachia wanafunzi zoezi, nikasimama mlangoni kumtazama mpaka alipotoka getini. Niliona raha, na bado naiona.