Neema hakuniita

Leo mwanangu amelia huku ameng'ata mto, ili nisimsikie.

Mnaomjua Neema mnajua ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu, na baridi humletea maumivu. Tangu baridi ianze haendi shule. Daktari na walimu wamekubali nimfundishe mimi, hapahapa nyumbani kwetu, mtaa wa Rågsved, huku ughaibuni.

Asubuhi tulihangaika na hesabu za kugawanya mpaka kichwa kikaniuma. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba kimya kidogo tu. Mama apumzike."

Nikajifungia jikoni na chai yangu.

Jamani, kimya kile kilikuwa kitamu! Hata nikajisifu moyoni: leo mtoto katulia.

Niliporudi chumbani nilimkuta amejikunja kitandani, mto mdomoni, shuka limelowa machozi. Maumivu ya miguu yalikuwa yamemrudia.

Nikampa dawa. Nikamfunika vizuri. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniita?"

Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Du ville ha tyst, mamma."

Mama, ulitaka kimya.

Ana miaka minane tu.

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Ukiumwa, niite. Hata nikiwa nimelala. Hata nikiwa nimechoka."

"Hata ukiwa umekasirika?"

"Hata nikiwa nimekasirika."

Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakuniamini.

Sasa dawa imefanya kazi, amelala. Wazazi wenzangu, ninyi mngemwambia nini? Mimi nimekaa hapa namkanda miguu.